Maswali na Majibu ya Muziki: Je, "Entre dos aguas" ni muziki wa hotelini?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kibao cha gitaa cha Mhispania Paco de Lucía, mpigaji wa flamenko (muziki wa jadi wa Andalusia, kusini mwa Hispania), kiitwacho "Entre dos aguas", yaani kati ya maji mawili. Nilisema hicho ndicho kilichonifanya niweke peki (kipigio cha nyuzi) chini baada ya miaka 11 ya kupiga solo kwenye bendi za dansi. Mistari hiyo miwili imeniletea barua nyingi kuliko makala yoyote niliyoiandika mwaka huu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa, na kwa sababu swali lake nimelisikia kwa watu tofauti kwa zaidi ya miaka 30.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, napiga ridhimu kwenye bendi ya kanisani kwetu. Nimekitafuta kibao ulichokitaja, nimekisikiliza wiki nzima na nimekipenda mno. Lakini mkubwa wangu mmoja aliyesomea muziki nje ameniambia nisipoteze muda, eti hicho si flamenko halisi, ni rumba ya kuuzia santuri, muziki wa hotelini, na hata Hispania kwenyewe wajuzi walikidharau. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nifanyeje na mapenzi yangu? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Mkubwa wako hakukudanganya. Alichokwambia kiliwahi kusemwa, tena na watu wanaoijua flamenko kuliko mimi. Ila amekupa hukumu bila kukusomea kesi. Mimi nitakusomea kesi, halafu uamue kwa masikio yako mwenyewe.

Paco de Lucía alizaliwa mwaka 1947 Algeciras, mji wa bandari kusini kabisa mwa Hispania, pale Bahari ya Mediteranea inapokutana na Atlantiki kwenye mlango wa Gibraltar. Siku isiyo na ukungu ukisimama pale unaiona Afrika ng'ambo. Ukijua hivyo, jina la kibao halihitaji mfasiri. Jina lake la kuzaliwa ni Francisco Sánchez Gomes. "De Lucía" maana yake "wa Lucía", kwa kuwa mtaani kwao watoto walitambulishwa kwa mama zao, kama pwani yetu mtu anavyoitwa mtoto wa Bi Fulani. Mama yake alikuwa Mreno. Baba yake alikuwa mpiga gitaa, na ndiye aliyemkalisha mtoto na gitaa saa nyingi kila siku mpaka shule ikaachwa njiani. Nakueleza haya ili uelewe kwamba aliyekipiga kibao kile hakuwa mtu wa pembeni aliyeokota flamenko sokoni. Alilelewa ndani yake.

Mwaka 1973 alikuwa akirekodi santuri ya *Fuente y caudal*, yaani chemchemi na mkondo, kwa kampuni ya Philips. Kazi ilikuwa inakaribia kwisha, pakabaki nafasi ya kibao kimoja. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa na kitu alichokitunga kujaza nafasi hiyo. Besi ikaanza msemo wake, bongo (ngoma mbili ndogo za kupigwa kwa mikono) zikaingia, kaka yake Ramón de Algeciras akashika gitaa la pili, naye Paco akabuni juu yao palepale studio. Dakika kama 6 hivi. Hicho ndicho "Entre dos aguas".

Santuri ilipotoka haikununuliwa, na kampuni ilikuwa karibu kuisahau. Aliyeinusuru ni mtangazaji mmoja wa redio, Jesús Quintero, aliyewashikilia watu wa kampuni mpaka mwaka 1974 kibao kile kikatolewa peke yake kwenye santuri ndogo. Hapo ndipo kilipolipuka. Kibao cha gitaa kisicho na mwimbaji kikakaa kwenye chati za Hispania bega kwa bega na nyimbo za vijana. Februari 1975 Paco akapiga kwenye ukumbi wa Teatro Real mjini Madrid, ukumbi uliozoea muziki wa klasiki, na wapenzi wa flamenko hawajaisahau siku hiyo.

Sasa lawama. Ili uzielewe, inabidi ujue mizani iliyotumika wakati ule. Mwaka 1962 mwimbaji Antonio Mairena alitunukiwa Ufunguo wa Dhahabu wa Uimbaji huko Córdoba, na mwaka uliofuata yeye na mshairi Ricardo Molina wakachapisha kitabu kilichozipanga aina za flamenko kwa asili na uzito wake. Juu kabisa ziliketi nyimbo nzito za maombolezo na upweke: toná, siguiriya, soleá. Wafuasi wa mizani hiyo waliiweka rumba chini kabisa. Ilikuwa imetoka Kuba, ina mapigo 4 ya kuchezeka, ilipigwa harusini na kwenye kumbi za watalii. Halafu mtu anayetegemewa kuwa mkubwa wa gitaa anachukua rumba hiyohiyo, anaitia besi ya umeme na bongo, inauzwa kama mikate. Unaweza kuelewa kwa nini waliumia. Waliogopa kwamba watu watakaoingia kwa mlango huo hawatafika vyumba vya ndani.

Hofu ile siidharau. Baada ya kibao kufanikiwa zilimwagika santuri za gitaa na bongo zisizo na chumvi, na nyingi nimezisikia kwenye lifti na kwenye meza za mapokezi. Kwa hilo walikuwa sahihi.

Lakini wafanye haki, waendelee na vibao vinavyofuata kwenye santuri hiyohiyo. Kibao kilichobeba jina la santuri ni taranta, aina inayotoka kwenye nyimbo za wachimba migodi wa mashariki ya Andalusia na Murcia. Hakina mpigo wa kuhesabu. Gitaa liko peke yake. Shika fa-dizi (fa iliyopandishwa nusu hatua) kwenye freti ya pili, yaani kigawanyo cha pili cha shingo ya gitaa, halafu ziache wazi nyuzi mbili nyembamba kabisa. Utasikia zinakwaruzana na nota ulizozibana, sauti kama ya jeraha ambalo halijafunga. Ndiyo akodi ya taranta, na Paco anakaa nayo bila haraka yoyote. Kisha sikiliza "Cepa andaluza", ambayo ni bulería. Hapo mzunguko ni mapigo 12, na mkazo hauangukii pale sikio letu linapoungojea: hesabu kuanzia 12, kisha 3, 6, 8, 10. Jaribu kupiga makofi kwenye namba hizo tu huku ukihesabu kwa sauti. Mimi ilinichukua siku nne kabla mikono haijaacha kunikimbia.

Aliyepiga hayo ndiye yuleyule aliyepiga rumba, mwaka uleule, kwenye santuri ileile. Kwa hiyo anayesema Paco aliuza flamenko mwaka 1973 amesikiliza kibao kimoja kati ya 8.

Na kuhusu zile bongo. Mwaka 1977 Paco alikwenda Lima, Peru, akasikia sanduku la mbao ambalo mpigaji hulikalia na kulipiga kwa viganja, ngoma ya Waperu wenye asili ya Afrika, iitwayo *cajón*. Akaondoka na moja, na mpiga ngoma wake Rubem Dantas, Mbrazili, akaliingiza kwenye kundi lao. Leo huwezi kwenda onyesho la flamenko usimwone mtu amekalia sanduku lile, hata kwa wale wanaojiita walinzi wa asili. Wageni wawili walibisha hodi, bongo na sanduku. Mmoja alifukuzwa kwa maneno makali, mwingine amepewa kiti na kuitwa mwenyeji, na mlango aliopitia ulifunguliwa na rumba ile. Paco mwenyewe alikuwa akisema kwamba mkono wake mmoja umeishika mila na kwa mwingine anachimbua, anatafuta.

Je, ni kibao kizito kuliko vyote alivyopiga? Hapana. Nikiulizwa kwenye santuri ile nitachagua taranta, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Lakini "Entre dos aguas" kina jambo ambalo taranta haina. Msemo anaouanzisha ni mfupi, mtoto anaweza kuuimba. Anauacha upumue, anaurudia kwa kuuchelewesha kidogo, anaukata, anatoka mbio hadi freti za juu, kisha anarudi chini kana kwamba hakwenda mbali. Kila anaporudi, besi iko palepale alipoiacha. Kubuni kwa wepesi namna ile mbele ya maikrofoni kunataka mtu ambaye mzigo wote mzito ameshaubeba.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu "muziki wa hotelini". Nimepiga hotelini miaka 9, pwani, jioni sita kwa wiki. Nililea watoto watatu kwa kazi hiyo, na nilijifunza ndani yake kumtazama msikilizaji anayekula na kujua ni lini ameacha kutafuna. Usikubali neno hilo litumike kama tusi mbele yako. Na mapenzi yako, mwanangu, baki nayo.

Mzee, habari za kazi. Mimi napiga solo, natumia peki, na spidi ninayo. Lakini zile mbio za katikati ya "Entre dos aguas" zinanishinda, nikifika spidi yake sauti inakuwa chafu. Alitumia peki ya aina gani? (Msomaji, Mombasa)

Nzuri, kaka. Hakutumia peki. Ni vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vinavyopokezana kama miguu ya mtu anayetembea. Wenyewe wanaita *pikado*. Kila kidole kikishapiga uzi wake kinatua na kuegemea uzi unaofuata, hakirukii hewani. Huko kuegemea ndiko kunakoipa kila nota mwili. Ndiyo maana ya kwako inakuwa chafu: peki yako inapita juujuu.

Nilianza kama wewe. Mwaka 1988 mgeni mmoja aliniachia kaseti yenye kibao hiki pamoja na viatu vilivyombana. Nilikuwa nikiirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri za redio zisiishe. Nikajifunza nota zote kwa peki, miezi minane, nikaona nimeweza. Jioni moja nikakipiga ukumbini. Mezani alikuwepo mzee wa Kihispania na mkewe. Nilipomaliza watu walipiga makofi, yeye hakupiga. Akavuta kiti karibu na jukwaa, akaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, taratibu, akaniashiria nimfuate. Hakutaka nota hata moja. Alitaka ridhimu tu. Tulikaa hivyo karibu nusu saa, yeye akigonga, mimi nikipiga akodi mbili zilezile, na kila nilipotaka kuingiza solo alitikisa kichwa. Kisha akaukamata mkono wangu wa kulia, akaitoa ile peki katikati ya vidole vyangu, akaiweka kwenye kisahani cha kahawa.

Kesho yake nilianza upya.

Kwa hiyo ushauri wangu utakushangaza: usianze na Paco, anza na Ramón. Jifunze gitaa la pili. Kwenye rumba ya flamenko mkono wa kulia ni ngoma. Vidole vinashuka kwenye nyuzi, kiganja kinaangukia palepale na kuzinyamazisha, unasikia mlio mkavu, *tak*, halafu mkono unapanda nao unapiga. Fanya hivyo mpaka mtu chumba cha pili adhani una mtu wa ngoma. Msomaji wetu wa Tanga hapo juu, anayepiga ridhimu, yuko karibu na kibao hiki kuliko wewe mpiga solo, na nakwambia hivyo kwa heshima.

Baada ya hapo ndipo uingie kwenye pikado. Weka nota nne kwenye uzi mmoja, polepole mno, shahada, kati, shahada, kati, na usirudie kidole kimoja mara mbili hata unapohama uzi. Kuhama uzi ndiko kunakowaangusha wengi. Nilitumia dakika 20 kila alfajiri kwa zoezi hilo tu kwa mwaka mzima, na mke wangu alijua nimekosea kabla yangu.

Kucha zako za mkono wa kulia ziache ziote kiasi cha kuonekana kidogo ukiutazama mkono upande wa kiganja. Wapigaji wengi wa flamenko wanazipaka gundi kali, ile supagluu ya dukani, tone moja likauke kisha wanalipiga msasa laini. Usiweke karibu na nyama.

Habari mwalimu. Naomba kujua nota za kibao hicho nitazipata wapi, maana mimi nimesoma nota na sipendi kukisia kwa masikio. (Msomaji, Dodoma)

Dada, nota zimechapishwa, na zipo pia za namba za freti. Zitumie kama ramani. Lakini jua kwamba mwenyewe hakuwa msomaji wa nota. Mwaka 1991 alipoamua kupiga *Concierto de Aranjuez* ya Joaquín Rodrigo, kazi ya klasiki ambayo kila kitu kimeandikwa, ilimbidi aisome kwa jasho, nota baada ya nota. Wapenzi wa gitaa la klasiki walimlaumu kwamba sauti yake ni kavu na kali mno. Yeye aliona wao ndio waliolegeza ridhimu. Rodrigo mwenyewe, mzee aliyekuwa kipofu tangu utotoni, alikuwepo akimsikiliza, na alimsifu. Sikiliza mpigo wa kazi ile mikononi mwake, kisha urudi kwenye karatasi yako. Utaona mahali ambapo karatasi inaishia.

Kaka, sisi huku kwetu rumba ni Franco, ni Tabu Ley. Sasa Wahispania nao wanasema wana rumba. Ni rumba gani hiyo? Nani amechukua kwa nani? (Msomaji, Bujumbura)

Swali zuri sana, kaka, na jibu lake linapita baharini mara mbili.

Watu waliochukuliwa utumwani kutoka eneo la Kongo na kwingineko Afrika walifika Kuba na ngoma zao na mpigo wao. Huko mpigo ukakutana na gitaa na ushairi wa Kihispania. Kutokana na kukutana huko zikazaliwa aina nyingi, rumba ikiwa mojawapo, na *son* ikiwa nyingine. Meli zilizokwenda na kurudi kati ya Havana na bandari za Andalusia, Cádiz hasa, zikarudisha midundo hiyo Hispania. Watu wa flamenko wana jina kwa kundi lote hilo: nyimbo za kwenda na kurudi. Rumba yao imo humo, pamoja na guajira, milonga na colombiana. Katika miaka ya 1960 Wagitano (Waroma wa Hispania) wa Barcelona, Peret akiwa mashuhuri kuliko wote, waliipa mtindo wao na kuipeleka redioni. Kwa hiyo Paco alipoipiga 1973 aliikuta iko njiani tayari.

Upande wetu safari ilikuwa nyingine. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilitoa santuri za Kuba zenye namba za GV, zikaenea Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville, zikafika hadi miji ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako wazee wetu walizicheza klabuni. Nyingi zilikuwa *son*, lakini lebo iliandika rumba, na jina likakaa. Wakongo walipozisikia walitambua kitu cha kwao. Wakazihamishia kwenye magitaa ya umeme: solo, mi-solo, ridhimu, na besi chini, mpaka ikazaliwa sebene, ambayo Kuba haikuwa nayo.

Kwa hiyo rumba ya Franco na rumba ya Paco ni watoto wa bibi mmoja waliolelewa nyumba tofauti. Jina ni moja, mpigo si mmoja. Ukitaka kuisikia tofauti, sikiliza mkono wa kulia. Kwenye rumba ya Kongo magitaa yanasukana, kila moja na mstari wake, na hakuna hata moja linalobeba wimbo wote. Kwenye rumba ya flamenko gitaa la ridhimu linachapwa kama ngoma, na lile la mbele linaongea peke yake. UNESCO imeziweka zote kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kila moja kwa wakati wake: flamenko mwaka 2010, rumba ya Kuba 2016, rumba ya Kongo 2021.

Mimi nilipoacha dansi na kuingia kwenye flamenko, kuna mwenzangu wa bendi aliyenitania kwamba nimehama ukoo. Sijawahi kuona hivyo. Vidole vyangu vilikuta vitu vingi wanavyovijua.

Mwalimu wangu, mimi ni mpigaji wa udi kwenye kikundi cha taarabu Unguja, umri umekwenda. Nilipomsikia Paco niliambiwa na mjukuu wangu kuwa ni Mhispania, lakini masikio yangu yalisikia udi. Je, nimekosea? (Msomaji, Unguja)

Shikamoo, mzee wangu. Hukukosea. Andalusia ilikaliwa na Waislamu kwa karne karibu 8, na udi ulipigwa huko muda wote huo. Yeye mwenyewe alilijua deni hilo: mwaka 1990 alitoa kazi aliyoiita *Zyryab*, jina la Ziryab, mpiga udi aliyetoka Baghdad na kufika Córdoba mwaka 822, wakati wa Abdulrahman wa Pili. Inasimuliwa kwamba Ziryab aliongeza uzi wa tano kwenye udi, na kwamba aliacha kipigio cha mti akatumia unyoya wa tai. Ndiyo ile risha unayoishika kila Ijumaa, maana risha kwa Kiarabu ni unyoya.

Kuna jambo moja nakuomba umwonyeshe mjukuu wako. Wapiga gitaa wa flamenko wana mbinu iitwayo *alzapúa*. Dole gumba peke yake linashuka kwenye uzi, linapanda, linashuka tena, kucha ikifanya kazi ya peki pande zote mbili. Vijana wanaojifunza gitaa inawachosha, wanalalamika kifundo cha mkono kinauma. Chukua gitaa la mjukuu wako, liweke kama unavyouweka udi, weka risha kando, na umpigie hivyo kwa dole gumba. Mkono wako wa kulia utakuwa unaijua njia kabla hujamaliza msemo wa kwanza.